Jirani Aulizwe Kabla ya Msingi

Tumeulizwa suali moja mara kadhaa, na wengi wa waulizaji ni wazee wa Mji Mkongwe. Wanasema: mtu akipata nyumba kongwe au kiwanja ubavuni mwetu, kisha akataka kusimamisha jengo refu na kuuza makazi humo moja moja, je, tunayo haki ya kusema, au huko ni kumhusudu mwenzetu kwa neema aliyoruzukiwa?

Ndugu msomaji, maghorofa si mageni Unguja. Kikwajuni na Michenzani yapo tangu zama za Mzee Karume, na shabaha yake ilikuwa kuwapa makazi wananchi wa hapa. Haya ya sasa yana sura nyingine. Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kondominiamu, ambapo mtu humiliki sehemu yake ndani ya jengo, na ngazi, paa na uwanja huwa vya wote; na mgeni pia amefunguliwa mlango huo. Huko Fumba mji mzima umeota kwa njia hii, na mwaka 2022 ukatangazwa mradi wa jengo la ghorofa 28. Fumba hatuna ugomvi nayo. Anayehamia huko anaijua ramani kabla ya kulipa. Mashaka yetu ni pale jengo linapomfuata mtu nyumbani kwake, alikozaliwa na kuzikia wazee wake.

Mjenzi hujibu kwa neno moja: “Mali ni yangu.” Jibu hilo lina nusu ya haki. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wamemwachia mwenye mali aitumie atakavyo, ila wameweka sharti ambalo wajenzi hawalitaji, nalo ni kuwa matumizi hayo yawe ya kawaida, kwa mujibu wa ada. Akivuka ada na jirani akadhurika, dhamana ni yake. Na Mtume wetu (SAW) amekataza kudhuru na kulipizana madhara.

Basi tuitazame ada ya Mji Mkongwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti. Nyumba zimeegemeana, ukichimba msingi wa kina upande huu, ukuta wa upande wa pili unasikia. Udhaifu wa majengo haya hauhitaji ushahidi mwingine baada ya Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu wawili. Tena nyumba zetu zimejengwa kwa haya: mgeni hukomea barazani, na uani ni kwa wenyewe, ndiko mama anakopika na binti anakoanika nywele. Roshani ya ghorofa ya nane inauchungulia ua huo mchana kutwa. Mama yule atajenga ukuta wa urefu gani ajisitiri? Mafakihi walilipa jambo la kuchungulia uzito mkubwa. Ibn al-Rami wa Tunis, katika karne ya nane ya Hijria, alitunga kitabu kizima juu ya hukumu za ujenzi na ujirani.

Yaliyopita Shangani yanatosha kuwa somo. Mambo Msiige, jengo la karne ya 19, lilifanywa hoteli pamoja na jengo jipya kando yake. Mji ulikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Kamati ya Urithi huo ilieleza wasiwasi wake juu ya mradi ule. Hoteli ikafunguliwa mwaka 2015. Lalamiko likija nondo zimekwisha simama, hugeuka karatasi za kuhifadhiwa kabatini.

Lakini tusijitakase. Ni nani aliyeongeza chumba cha matofali na bati juu ya paa la chokaa, maji yakamvujia jirani? Ni sisi. Ni nani aliyempangisha mtalii na kumwambia mpangaji wa miaka thelathini atafute pa kwenda? Nasi pia. Anayedai ada iheshimiwe na aanze na paa lake.

Kwa waliotuuliza, jibu letu ni hili: mnayo haki, na wakati wake ni kabla ya msingi. Nendeni Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe mkaombe kuiona michoro, na muombe mwelezwe kwa Kiswahili. Ulizeni urefu wa jengo, madirisha yanaelekea wapi, maji machafu yatapita mfereji gani, na ukuta wenu ukipasuka nani atalipa. Jibu la kila suali liandikwe na litiwe saini. Na mjenzi, kama nia yake ni njema, hatapungukiwa kitu akija siku moja baada ya swala ya Alasiri, akaketi barazani na michoro yake mkononi.