Upasuaji Umekwisha, Vitamini Hazikomi



Zamani habari za mtu kupasuliwa ili apunguze unene tulizisikia kutoka nchi za mbali. Sasa upasuaji huo unafanyika hata hapa kwetu, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Basi usishangae ndugu yako akirudi Lushoto kutoka Dar es Salaam au ng'ambo akiwa amepunguzwa mfuko wa chakula. Wapo pia waliokatwa sehemu ya mfuko huo kwa sababu ya saratani au vidonda vya tumbo. Ninayoyasema yawahusu hao wote.

Kwa maoni yangu, kazi ya mpasuaji huisha siku chache, lakini kazi ya familia haiishi. Mfuko umepungua, mahitaji ya mwili hayakupungua kwa kiasi hicho. Mtu hula kidogo, na mara nyingine chakula hakipiti tena sehemu ya utumbo inayofyonza madini ya chuma na chokaa. Tena mfuko wa chakula ndio unaotengeneza kitu kinachouwezesha mwili kupokea vitamini B12. Ndiyo maana vidonge vya vitamini ni vya maisha yote.

Hapa sisi watu wa milimani hudanganyika. Tuna karoti, kabichi, mchicha na mnavu, hata tunalisha miji. Twasema, "Atakula mboga, atapona." Mboga ni njema, lakini hakuna mboga yenye vitamini B12 ya kumtosha mtu. Hiyo imo katika nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Na aliyepunguzwa mfuko hata hivyo huweza kuhitaji sindano au vidonge vyake. Akiba ya B12 mwilini huchukua miaka kuisha, kwa hiyo mtu hujiona mzima, akaacha dawa, kisha ganzi ya miguu, upungufu wa damu na usahaulifu vikamjia polepole.

Vitamini B1 haingoji miaka. Mgonjwa akitapika mfululizo, huisha kwa majuma machache tu. Miguu hulegea, macho huyumba, akili huchanganyikiwa. Hapo wengine hunong'ona kwamba amerogwa, na wakati unapotea. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mseme wazi kwamba alipasuliwa, ili apewe B1 kabla ya dripu ya glukosi. Kuficha upasuaji kwa aibu kwaweza kumlemaza mtu.

Nyumbani yafaa kuzingatia haya:

1. Mgonjwa asiondoke hospitali bila karatasi inayoeleza upasuaji wake na dawa zake.

2. Aanze na maharage laini, yai, samaki au maziwa, ndipo ugali au viazi, kidogo kidogo.

3. Kidonge cha chuma asimeze na chai, hata kama majani yake ni ya Usambara, wala pamoja na cha chokaa. Aachanishe saa mbili.

4. Apimwe damu mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka.

5. Mama asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na kliniki waambiwe mapema. Mama anayenyonyesha akikosa B12, mtoto naye huikosa.

Wakati wa Kwaresima baadhi yao hutaka kufunga kama wengine. Sheria ya Kanisa haimfungi mgonjwa. Azungumze na daktari na Paroko wake, achague sadaka nyingine.

Vidonge hivi vina gharama, na mtu aliyekwisha kupungua huonekana hana shida tena. Hapo ndipo ndugu huchoka kumsaidia. Tusichoke. Kabla ya kuchangia upasuaji wa ndugu, familia ikae na kuuliza: baada ya miaka 10, nani atanunua vidonge? Kama hakuna jibu, upasuaji na ungoje.