Kishikwambi cha biashara kisifunguliwe ruti

Mfanyabiashara anayenunua kishikwambi cha mkono wa pili Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, huwa na maswali yake ya kawaida. Betri inakaa saa ngapi? Kioo kimewahi kubadilishwa? Nafasi ya kuhifadhi ni kiasi gani? Swali ambalo wengi hulisahau ni kama kifaa hicho kimewahi kufunguliwa ruti, na ndilo linaloweza kumgharimu kuliko kioo kilichopasuka.

Ruti ni mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo wa Android. Kifaa kikitoka kiwandani mamlaka hayo huwa yamefungwa, na aliyekinunua hukaa ndani yake kama mpangaji: anapanga samani atakavyo, lakini habomoi ukuta. Akifungua ruti anakuwa mwenye nyumba. Programu alizowekewa kwa lazima anazifuta, matangazo anayazuia, nakala kamili ya kumbukumbu zake anaichukua. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa programu ya Magisk, ambayo haiuzwi. Fundi anayetoza fedha anatoza ujuzi wake tu.

Faida hizo si za kubeza, hasa kwa kifaa kilichoachwa na aliyekitengeneza. Nexus 7 ya mwaka 2013, iliyotengenezwa na Asus kwa ajili ya Google, iliingia soko la Marekani kwa dola 229. Toleo kuu la mwisho la Android kililopata rasmi lilikuwa la 6, lililotoka mwaka 2015. Kwa hesabu za kiwanda, mtaji huo uliishia hapo. Hata hivyo, waliofungua kufuli ya kiwandani na kuweka mfumo mbadala, kwanza CyanogenMod na kisha LineageOS baada ya ule wa awali kufungwa Desemba 2016, waliendelea kuvitumia vifaa hivyo kwa miaka. Kufungua kufuli na kufungua ruti si jambo moja, ingawa mafundi wengi huyaita kwa jina moja. Kwa kawaida la kwanza hulitangulia la pili, nalo hufuta kila kilichomo.

Hesabu hubadilika kabisa kwa kifaa kinachoshika fedha. Google ina huduma iitwayo Play Integrity, ambayo programu huiuliza kama kifaa bado kiko katika hali yake halali. Programu nyingi za benki na za malipo hufanya ukaguzi wa namna hiyo, na zikigundua ruti hukataa kufunguka. Netflix nayo ilianza Mei 2017 kutoonekana katika Play Store kwa vifaa vya aina hiyo, lakini kukosa filamu kunavumilika. Mwenye duka anayepokea malipo ya wateja na kuwalipa wauzaji wa jumla kwa kishikwambi hichohicho, akijikuta amefungiwa nje Jumatatu asubuhi, hafidiwi na matangazo aliyoyazuia. Njia za kuficha ruti zipo, lakini hupita leo na kukataliwa wiki ijayo.

Samsung imekwenda mbali zaidi. Vifaa vyake vyenye ulinzi wa Knox vina fyuzi ya kielektroniki inayokatika pale mfumo usio rasmi unapowekwa, na ikikatika haiungiki. Sehemu ya siri ya Secure Folder haifanyi kazi tena hata mfumo wa awali ukirudishwa. Alama hiyo hubaki siku zote, na mnunuzi anayejua pa kuitazama ataisoma na kupunguza bei.

Upo pia upande wa wezi. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza kuwa programu haribifu ya Gooligan imevamia zaidi ya akaunti milioni moja za Google, kwa kujifungulia ruti yenyewe katika vifaa vya Android 4 na 5. Anayepakua programu ya ruti kutoka mahali asipopajua anamrahisishia mwizi kazi. Ila tukio hilo linakata pande zote mbili: vilivyovamiwa ni vifaa vyenye mfumo wa zamani, na kukiacha kishikwambi kikuukuu bila masasisho si usalama.

Mara nyingi, hata hivyo, malalamiko ya mwenye kifaa ni madogo: nafasi imejaa, programu asizozihitaji ni nyingi. Nyingi ya hizo huzimwa katika mipangilio bila ruti yoyote. Kishikwambi kilichokwisha kurudisha gharama yake, kinachotumika kuandikia orodha ya mali ghalani au kuwachezesha watoto, kifunguliwe tu. Vya mwajiri au vya Serikali, kama vile vilivyotumika katika Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, si mali ya anayevishika, na fundi akiombwa kuvigusa akatae.

Kwa anayenunua wiki hii, ukaguzi ni wa dakika chache: aweke programu ya benki yake mbele ya muuzaji, aone kama inafunguka, ndipo ahesabu fedha.