Keki ya Machungwa Wakati wa Kipupwe

Kila mwaka ifikapo Juni, baridi ya Nyanda za Juu Kusini huanza kuuma kwa nguvu. Huko Igowole, wilayani Mufindi, ukungu hulala juu ya mashamba ya chai hata jua likapanda, na watu wa nyumbani hukusanyika jikoni mapema kuliko desturi. Majira hayo hayo ndiyo ya mavuno ya machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, nayo hupandishwa bara kwa malori. Basi twaona yafaa mwezi huu tuzungumze na akina mama, mabinti, na vijana wa kiume pia, juu ya kuoka keki ya machungwa kwa jiko la mkaa; maana nyumba nyingi hazina tanuri la umeme, wala kwa kazi hii halihitajiki.

Kwanza tunda lenyewe. Chungwa la Pwani huiva ilhali ganda lake bado kijani, kwa kuwa usiku wa huko hauna baridi ya kuligeuza rangi. Mnunuzi asidanganywe na macho, bali alipime kwa mkono: lililo zito ndilo lenye maji mengi. Tena ajue kwamba harufu ya keki hutoka zaidi katika mafuta ya ganda la juu kuliko katika maji ya chungwa. Machungwa yaoshwe, kisha ganda likwaruzwe polepole, na mkono usimame mara uonapo weupe, kwani sehemu hiyo ni chungu.

Vipimo vyake ni hivi: unga wa ngano vikombe 2, sukari kikombe 1 kasoro kidogo, siagi nusu kikombe, mayai 3, chumvi kidogo, maganda yaliyokwaruzwa ya machungwa 2, na maji ya machungwa nusu kikombe. Unga wa kuumulia, ambao dukani huitwa bekingi pauda, uwe kijiko kidogo 1 na nusu. Mapishi mengi ya Pwani yatataka vijiko 2. Walakini Igowole ni mahali pa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Keki hufura upesi mno kabla haijashikana, kisha hubonyea katikati. Wengi hulaumu mkono wa mpishi, na kumbe yafaa kupunguza bekingi pauda.

Katika baridi siagi huwa ngumu na mayai huwa baridi. Ukivichanganya hivyo hivyo, mchanganyiko hukatika. Siagi iwekwe karibu na moto hata ilainike bila kuyeyuka, na mayai yatiwe katika maji ya vuguvugu kwa dakika 5. Piga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe, tia mayai moja moja, halafu maganda, kisha unga uliochungwa pamoja na chumvi na bekingi pauda, ukipokezana na maji ya machungwa. Unga ukishaingia, usikoroge sana, keki isije ikawa ngumu.

Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu chini, uifunike na kuipasha moto dakika 10. Weka ndani chombo cha keki kilichopakwa siagi, funika, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi, wa chini uwe kidogo. Baada ya dakika 40 hivi, choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, keki imeiva.

Sasa twafika penye jambo zito. Keki imeiva, makaa bado mekundu, nje baridi inauma, na watoto wanatetemeka. Hapo ndipo moyo wa mzazi humshawishi aliingize jiko chumbani, afunge mlango na madirisha, watu walale kwa joto. Asifanye hivyo kamwe. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu ikazuia hewa safi isichukuliwe mwilini. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hulegea. Na aliyekwisha kulala huenda asiamke tena. Kwa sababu hiyo hiyo, hata kuoka kwenyewe kufanywe uani, au jikoni penye mlango na dirisha wazi.

Sahaba Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) ametupokelea hadithi mbili ambazo Bukhari na Muslim wamezithibitisha, nazo zote zaligusa jiko letu la leo. Katika ya kwanza, Mtume (s.a.w.) alimfananisha Muumini asomaye Kurani na utrujja, tunda la ukoo mmoja na limau na chungwa, ambalo harufu yake ni nzuri na ladha yake ni nzuri. Katika ya pili, nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume alipopewa habari zao, alisema kwamba moto ni adui yetu, basi tulalapo tuuzime. Nyumba ile iliteketea kwa ndimi za moto, na makaa ya chumbani huua kimya kimya. Lakini amri ya kuzima yatosha kwa yote mawili.

Makaa yaliyobaki yatiwe katika chungu kikuukuu chenye mfuniko, huko huko nje. Yatazimika yenyewe kwa kukosa hewa, na kesho yatafaa tena. Watoto wapewe blanketi la pili. Ama keki, ikatwe ikishapoa kidogo, kipande cha jirani kikitangulia, awe ni wa dini yetu au sivyo. Kisha watu wa nyumbani wale pamoja na chai ya moto kabla ya kulala.