Mpangaji na Mkataba Wake

Kemambo, wilayani Tarime, ni jirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mahali pa dhahabu biashara ikishamiri, pango nalo hupanda, na mwenye duka dogo aliyepanga kwa maneno matupu hana pa kushika. Sheria ya 1984 iliyodhibiti pango ilifutwa mwaka 2005. Sasa ngao ya mnyonge ni mapatano yaliyoandikwa.

Ndugu wapangaji, kabla ya kutoa fedha, yaandikwe haya: kiasi, muda, lini pango laweza kupandishwa, na notisi ya kuhama. Tena kodi ya zuio, asilimia 10, ni mzigo wa mwenye nyumba. Mpangaji huikata katika pango na kuipeleka serikalini. Asikubali kutwishwa. Wapangaji wakizungumza kwa sauti moja, watasikilizwa.