Tani Mbili Tu, Mwalimu

Wiki moja kabla ya Pasaka alinitembelea kijana niliyemfundisha chuoni. Namwita kijana, ingawa kichwa chake sasa kina mvi kuliko changu nilipokuwa mkuu wa chuo. Aliacha chaki zamani, akanunua lori moja bovu, akalifufua, na leo ana malori tisa yanayokwenda Zambia na Kongo. Sina kinyongo naye. Miongoni mwa wanafunzi wangu wote, yeye ndiye anayekumbuka kuniletea sukari.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Tuliulizana habari za nyumbani, chai ikaja, kisha akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa barua. Yeye na wenzake wenye malori walitaka kuipeleka kwa mbunge, na walitaka wazee wachache wenye heshima zao waitie sahihi. Barua iliomba uzito unaoruhusiwa kwa ekseli moja yenye magurudumu manne upandishwe kutoka tani 10 hadi tani 12, na uzito wa ekseli nyingine pamoja na wa gari zima upande kwa kiasi hicho hicho. Nilipoinua macho akacheka kidogo, akasema, "Ni tani mbili tu, Mwalimu."

Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Msomaji asiyeishi kando ya barabara kuu huenda hajui sheria inasemaje. Tangu Machi 2019 nchi yetu inafuata Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari. Ekseli ya mbele, ile ya usukani, ibebe tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu manne ibebe 10. Ekseli mbili zinazofuatana zibebe 18, na tatu zibebe 24. Gari zima, hata liwe refu kiasi gani, lisizidi tani 56. Lori la kawaida lenye tela ya ekseli tatu linapata 8 na 18 na 24, yaani tani 50. Gari lolote la tani tatu na nusu au zaidi sharti lipite kwenye mizani.

Viwango hivi havikuokotwa barabarani. Kati ya mwaka 1958 na 1960, Wamarekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wakawaweka askari kuendesha malori yenye uzito mbalimbali, mchana na usiku, wakizunguka pale pale, huku wahandisi wakipima lami inavyochakaa. Waligundua jambo ambalo mimi, mwalimu wa hesabu, nililisoma nikiwa mtu mzima na nikaona haya kwamba sikuwahi kulifundisha. Ukiongeza uzito wa ekseli, madhara kwa barabara hayaongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka kwa takriban kipeo cha nne. Uzito ukizidishwa kwa mbili, madhara huzidishwa kwa kumi na sita. Ekseli ya tani 10 huiumiza barabara mara elfu kumi kuliko ekseli ya tani 1, ambayo ni kama ya gari dogo la kawaida. Ndiyo maana mwenye gari dogo hana lawama hata akipita hapo kila siku mpaka afe.

Basi nikamwomba mgeni wangu kalamu, nikageuza barua yake upande wa pili. Kumi na mbili gawanya kwa kumi ni moja nukta mbili. Zidisha kwa yenyewe: moja nukta nne nne. Zidisha tena hiyo kwa yenyewe: mbili nukta sifuri saba. Ile "tani mbili tu" inaikata barabara zaidi ya maradufu.

Hakuwa mwanafunzi mjinga wakati ule, wala si mjinga leo. Akanijibu hapo hapo: "Lakini safari zitapungua, Mwalimu. Mzigo ni ule ule."

Hoja hiyo ni nzuri na inastahili jibu. Tuseme lori la tani 50 lina tani 18 za chuma chake na 32 za mzigo. Likiruhusiwa tani 60, litabeba 42 za mzigo. Safari nne za zamani zilibeba tani 128, na safari tatu za sasa zitabeba 126. Haya, tumpe faida yake yote: nne zimekuwa tatu. Lakini kila moja ya hizo tatu inaumiza mara mbili na ushei. Tatu mara mbili nukta sifuri saba ni sita na nukta mbili. Barabara iliyokuwa ikipigwa fimbo nne sasa inapigwa zaidi ya sita, kwa mzigo ule ule. Yeye ameokoa dizeli ya safari moja na posho ya dereva na utingo wake. Zile fimbo mbili zilizozidi zinalipwa na nani?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mfuko wa Barabara, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998, unajazwa zaidi na tozo ya mafuta, na tozo hiyo haiulizi dizeli inakwenda wapi. Mama mwenye mashine ya kusaga kijijini, ambaye dizeli yake haijawahi kugusa lami, anailipa. Abiria wa daladala anailipa ndani ya nauli. Mkulima wa viazi anailipa kila anapokodi kirikuu kuteremsha magunia yake. Mwenye lori naye analipa, sikatai, lakini analipa kwa lita, na lita haziongezeki kwa kipeo cha nne. Kwa hiyo kila tani inayoongezwa juu ya ekseli ni deni ambalo mmoja anakopa na wengine wanalipa, na wale wanaolipa hawakuulizwa. Barabara kuu ikiharibika kabla ya wakati wake, fedha za kuifufua hutoka katika mfuko ule ule ambao barabara za vijijini nazo zinautegemea, na fedha zilizopelekwa huku haziwezi kwenda kule.

Vita hii si mpya. Oktoba 2013 Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alifuta nafuu ya asilimia 5 waliyokuwa wakipewa waliozidisha uzito. Wenye malori wakagoma, magari yakapanga foleni, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairudisha. Nakumbuka watu wengi, hata walimu wenzangu wastaafu, walisema Waziri ana kichwa kigumu, asilimia 5 ni kitu gani? Fanyeni hesabu ile ile. Moja nukta sifuri tano kwa kipeo cha nne ni karibu asilimia 22. Asilimia 5 ilikuwa jina lake la mizani. Jina lake la barabarani lilikuwa jingine.

Niwe mkweli kwa upande wa pili. Dereva anayekaa nusu siku kwenye foleni ya mizani ana haki ya kulalamika. Mizigo ya jirani zetu ina njia nyingine za kupita, Beira, Durban na kwingineko, na nchi isiyojali gharama za usafirishaji itabaki na bandari ya kuvulia samaki. Lakini dawa ya foleni ni mizani zaidi na watumishi waaminifu. Na anayetaka kubeba zaidi anaweza kutandaza mzigo juu ya ekseli nyingi, mradi asivuke zile tani 56, maana lami inahisi ekseli moja moja ilhali daraja linahisi gari zima. Tena hapa Makambako, reli ya TAZARA inapita mjini. Ni kilomita 1,860 za chuma kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, tulizokabidhiwa mwaka 1976, zilizojengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na ambazo kwa miaka mingi zimebeba sehemu ndogo tu ya hizo. Shaba na saruji zingeweza kupita pale bila kugusa hata kokoto moja ya lami. Barua ya mgeni wangu haikutaja reli. Ningeshangaa kama ingetaja.

Nilipofika hapo akakaa kimya, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, nawe ulikuwa unapakia."

Kweli. Alikuwapo.

Ilikuwa mwaka 1986, dizeli ya shida, chakula cha wanachuo kimekwisha. Chuo kilikuwa na lori la tani 7. Nilikwenda mwenyewe kuchukua mahindi, nikaamuru yapakiwe magunia 100. Dereva wetu, mzee aliyejua gari lake kama mtu anavyomjua mke wake, aliniambia, "Mkuu, gari hili ni la magunia 70." Nikamjibu kwamba safari ya pili haina mafuta, na kwamba wanafunzi hawali maneno. Wanachuo kadhaa walikaa juu ya magunia wakiimba, na huyu mgeni wangu alikuwa mmoja wao. Kwenye kalavati ya kijiji cha mwisho kabla ya chuo tulisikia mlio kama wa kuni kavu inayovunjwa. Tukapita salama. Nilifurahi, nikajiona mtu hodari.

Mvua za mwaka ule ziliimaliza ile kalavati. Msimu mzima wanakijiji walibeba pareto yao vichwani kufika barabarani, kwa kuwa hakuna gari lililoweza kuvuka. Chuo hakikutoa hata mfuko mmoja wa saruji. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu, na sikuitisha hata kikao cha kulizungumza. Hakuna aliyenidai, kwa sababu hakuna aliyekuwa juu ya lori ambaye angesema, na waliokuwa chini hawakujua magunia yalikuwa mangapi.

Nilimwambia hayo yote. Nikamwambia pia kwamba njaa ya wanafunzi mia tatu ilikuwa sababu nzito kuliko faida ya malori tisa, na bado haikunipa haki ya kuwavunjia watu kalavati yao na kwenda zangu.

"Sasa hutii sahihi?"

"Leteni barua ya kuomba ushuru upungue kwa anayeongeza ekseli. Leteni ya reli. Hizo nitazitia sahihi zote mbili, na dole gumba nitaweka."

Akasema ekseli moja na magurudumu yake ni pesa nyingi. Nikasema najua. Aliikunja barua, hesabu zangu zikiwa upande wa ndani, akaiweka mfukoni, akaaga kwa adabu kama kawaida yake. Sukari aliiacha.