Opera kwa mara ya kwanza: Suti ya mkopo ya nini?

Kuna kijana mmoja wa Kibongo, mbeba boksi wa London, wiki mbili hizi hana raha. Siku moja walipokuwa kwenye basi wakipita jirani na Covent Garden, mchumba wake alisema angependa aingie Royal Opera House hata mara moja tu maishani. Jamaa hilo neno akalibeba. Sasa anataka kukopa: suti mpya, siti za mbele na dina ya mishumaa, yote iwe sapraizi. Bibie hajui lolote. Anachokiona ni mwanaume aliyeongeza shifti za usiku na anayejibu kwa mkato.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Opera imepewa jina la kuwa mambo ya wenye nazo, basi mtu anajiandaa kama anayekwenda kukaguliwa. Ukweli ni kwamba ukumbi ule haulazimishi suti wala gauni refu. Shati safi na viatu vya heshima vinatosha kabisa. Siti za juu kule ni nafuu kuliko za mbele, na sauti inafika, maana waimbaji wa opera kwa kawaida hawatumii maiki. Wanaishinda okestra nzima kwa kifua chao wenyewe.

Kitu cha kupangwa sana ni kazi ya kwenda kuangalia. Akivamia tu Wagner, ambaye baadhi ya opera zake zinapita saa nne, bibie atasinzia na lawama atabeba yeye. La bohème ya Puccini, iliyooneshwa mara ya kwanza Turin mwaka 1896, haifiki saa mbili ukitoa mapumziko. Vijana wanne wa Paris hawana kodi ya chumba, baridi inawatafuna, na mmoja wao anampenda jirani mgonjwa. Mbeba boksi gani hatalielewa hilo? Wanaimba Kiitaliano, lakini tafsiri ya Kiingereza inaoneshwa juu ya jukwaa.

Wawahi pia. Mchelewaji husubiri nje mpaka ipatikane nafasi ya kumwingiza. Simu zizimwe. Na hii si taarabu ya kuinuka na kwenda kumtuza mwimbaji. Hapa wimbo ukiisha ndipo makofi yanapigwa.

Wapo watakaosema sapraizi ndiyo mahaba yenyewe. Sawa, lakini mahaba gani yanayomnunia mwenzako wiki mbili? Hadithi ya opera inanoga zaidi mkiisoma wawili kabla ya kwenda, na siti mkichagua wawili hakuna deni la kuficha. Yule dada alitaka kuingia ukumbini na mtu wake. Suti hakuitaja.

Amwambie leo, kabla hajaingia shifti.