Mitaji ya Ulaya: Wenye dhamana wawajibike

Kufilisika kwa Northvolt, kampuni ya betri ya Sweden iliyotangazwa mufilisi Machi 2025, kumewapa nguvu wanaosema serikali za Ulaya hazina kazi katika biashara ya kubahatisha. Hoja yao haipuuziki. Fedha zilizozama pale hazikuwa za matajiri peke yao: Ujerumani ilitia euro milioni 600 kupitia benki yake ya umma, KfW, na mifuko ya pensheni ya Sweden ikaingiza akiba za watu ambao hawakuulizwa. Aliyekabidhiwa mali ya wengine hawezi kujitetea kwamba alijaribu, kisha yakaishia hapo.

Lakini kubahatisha ni jambo moja, na kulala zamu ni jambo jingine. Kiwanda cha Northvolt cha Skellefteå, kaskazini mwa Sweden, kilikusudiwa kutoa betri za gigawati-saa 16 kwa mwaka. Mwaka 2023 kilitoa sehemu ndogo mno ya hizo, huku uongozi ukiendelea na mipango ya viwanda vingine Ujerumani na Canada. Juni 2024 BMW ikafuta oda ya euro bilioni 2. Kabla ya kushangilia kiwanda cha pili, walioweka fedha za umma walipaswa kuuliza cha kwanza kinazalisha nini. Gharama ya ukimya huo imewafika hata mafundi waliotoka nje ya Umoja wa Ulaya kwenda kuishi kwenye mji ule wa kaskazini, ambao vibali vyao vya kazi viliwapa miezi 3 tu kupata mwajiri mwingine.

Je, dawa ni kufunga mkoba? Waliokwisha kuufunga wanajua matokeo yake. DeepMind ya London, kampuni ya akili bandia, iliuzwa kwa Google mwaka 2014. BioNTech ya Mainz, kampuni ya dawa, iliorodhesha hisa zake New York mwaka 2019, na Arm ya Cambridge, inayosanifu chipu, ikafuata njia hiyohiyo mwaka 2023. Ripoti ya Mario Draghi, rais wa zamani wa Benki Kuu ya Ulaya, ya Septemba 2024 ilionyesha kuwa karibu asilimia 30 ya kampuni changa zilizoanzishwa Ulaya kati ya 2008 na 2021 na kufikia thamani ya dola bilioni moja zilihamishia makao makuu nje, nyingi zikienda Marekani. Wala bara hilo halijaishiwa. Ripoti hiyohiyo inasema kaya za Umoja wa Ulaya ziliweka akiba ya euro bilioni 1,390 mwaka 2022, dhidi ya bilioni 840 za Marekani.

Sehemu kubwa ya akiba hiyo imelala benki. Mfuko wa kawaida wa kuwekeza kwenye kampuni changa hupewa umri wa miaka 10 hivi, na teknolojia inayotoka maabara, iwe chipu, dawa au betri, inaweza kuimaliza miaka hiyo kabla ya kuuza chochote. Inahitaji mtaji wenye subira, na mtaji huo hauwezi kuvuka mipaka kwa urahisi penye nchi 27 na sheria 27 za ufilisi. Mpango wa soko moja la mitaji ulitangazwa mwaka 2015. Tangu hapo Brussels imekuwa ikizinyooshea kidole serikali wanachama, nazo zikiinyooshea Brussels, na kila moja inatetea msimamizi wake wa masoko kana kwamba inatetea bendera.

Visingizio hivyo vimekwisha muda wake. Serikali wanachama ziunganishe sheria za ufilisi, na kila euro ya umma inayoingia kwenye kampuni iambatane na masharti ya uzalishaji yanayokaguliwa na kuchapishwa, ili fedha zisitishwe mapema ahadi zinapokwama. Agosti 2025, kampuni ya Lyten ya California ilitangaza makubaliano ya kununua mali za Northvolt zilizobaki Sweden na Ujerumani. Mali zikipata mnunuzi, mlipa kodi wa Ujerumani na mstaafu wa Sweden nao wapewe hesabu kamili: kiasi gani kimepotea, na nani aliidhinisha.